Nani Kashika Leseni?

Timu yetu ni ndogo na ofisi iko Mtwara mjini, upande wa Shangani. Tunaandika programu zinazokaa ndani ya vifaa: kadi ya kielektroniki inayosoma uzito kutoka kwenye mizani ya kidijitali, inatunza rekodi, kisha inamchapia mkulima risiti. Wateja wetu ni AMCOS, vyama vya msingi vinavyopokea korosho ghafi kabla hazijasafirishwa kwenda ghala kuu na kuingia mnadani. Kazi hii ina msimu. Minada ikianza Oktoba, kila kifaa kinatakiwa kiwe kimeshafungwa na kujaribiwa, kwa hiyo Agosti na Septemba ndiyo miezi ya kukesha. Mwaka 2024, miezi hiyohiyo ndiyo leseni za zana zetu za kazi zilipoanza kutugomea.

Naeleza tulivyolishughulikia kwa sababu nimekutana na vijana wa Lindi na Masasi wenye timu za watu wanne au watano ambao wakiona ujumbe wa kikomo cha leseni hufikiria mambo mawili tu: kununua nyingine, au kutafuta iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kinga yake ili itumike bila kulipiwa. Kabla ya yote mawili kuna swali la kuuliza. Leseni zilizopo ziko mikononi mwa nani sasa hivi, na kwa nini hajaziachia?

Sisi tulikuwa na leseni tatu za kompaila (programu inayogeuza msimbo, yaani maandishi ya programu, kuwa maagizo ya kifaa) na programu yake ya kuandikia msimbo, za aina inayoitwa ya kuelea. Leseni ya kuelea haifungwi kwa mtu wala kwa kompyuta yake. Inakaa kwenye seva ya ofisi. Ukifungua programu unaazima moja, ukifunga inarudi. Waandishi wa msimbo tuko watano, na kwa kuwa si wote wanaojenga programu kwa wakati mmoja, tatu zilitosha tangu mwanzo. Toleo la bure halikutufaa. Kompaila nyingi za kibiashara kwa vifaa vidogo hutoa toleo la bure lenye kikomo cha ukubwa wa msimbo. Keil MDK Lite, kwa mfano, inaishia KB 32. Ukishaweka sehemu ya kuendesha printa, sehemu ya kulinda rekodi zisichezewe, na maneno ya Kiswahili ya risiti, KB 32 zimekwisha kabla hujafika kwenye mizani yenyewe.

Ujumbe wenyewe ulikuwa na namba -4, maana yake idadi ya watumiaji walioruhusiwa imeshafikiwa. Ulianza kutokea mara mojamoja, halafu ukawa wa kila siku. Mtu anakuja mlangoni: "Kaka, leseni zimejaa tena." Unaulizia chumba kizima, nani anatumia? Wawili wananyoosha mikono. Ya tatu haina mwenyewe.

Leseni zetu zinasimamiwa na FlexNet, mfumo ambao wakongwe wa kazi hii bado wanauita FLEXlm. Una amri ndogo ambayo naona kila mwenye seva ya namna hii aizoee kabla ya kitu kingine chochote: `lmstat -a`. Inaorodhesha leseni ngapi zimetolewa, ngapi zinatumika, na kwa kila moja inayotumika inataja jina la mtumiaji, jina la kompyuta yake, na saa aliyoichukua. Nilipoitazama orodha ile nikakuta jina la kijana wetu mmoja limejitokeza mara mbili, kwa kompyuta ileile, kwa saa mbili tofauti za asubuhi. Ya kwanza saa mbili na nusu, ya pili saa tatu na robo. Yeye mwenyewe alikuwa mbele yangu na dirisha moja tu limefunguliwa.

Kuna mtu angeishia hapo, akaifuta ile ya zamani kwa `lmremove`, kazi ikaendelea. Nasi tuliifuta, ndiyo, watu walikuwa wanasubiri. Lakini kufuta hakukuniambia ilitoka wapi. Seva ya leseni huandika kumbukumbu ya kila tukio, na katika kumbukumbu hiyo kuna maneno matatu ya kuyatazama: OUT leseni inapochukuliwa, IN inaporudishwa, DENIED mtu anaponyimwa. Niliandika programu fupi ya kutafuta kila OUT ambayo haikufuatiwa na IN ndani ya muda wa kawaida, ikanipa orodha ya tarehe na saa. Saa hizo hazikuwa na mpangilio wowote. Si za asubuhi tu, si za jioni tu, si za mtu mmoja.

Jengo letu lina jenereta inayotumiwa na wapangaji wote, na mlinzi wa mchana anaandika kwenye daftari kila inapowashwa na kuzimwa, ili mwisho wa mwezi mafuta yagawanywe kwa haki. Nikamfuata getini.

"Shikamoo mzee. Naomba nilione daftari la jenereta."

"Marahaba. Kwani mafuta yamepungua?"

"Hapana mzee, natafuta saa umeme ulizokatika."

Akanipa, akanivutia na kiti. Nikaweka orodha yangu pembeni ya mwandiko wake, na ukurasa baada ya ukurasa leseni zisizorudi zilikaa dakika chache kabla ya jenereta kuwashwa. Mzee yule alikuwa anatunza ushahidi ambao sisi wenye kompyuta hatukuwa nao. Nilimweleza nilichokuwa natafuta, na tangu hapo yeye huandika pia saa umeme unaporudi, jambo ambalo hakuwa analifanya.

Sababu yake ni hii. Seva yetu iko kwenye UPS nzuri, yaani betri ya akiba umeme unapokatika, kwa sababu ndiyo inayotunza kazi zote. Kompyuta za mezani za vijana hazina. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani inakufa papo hapo, na programu iliyokuwa imefunguliwa haipati nafasi ya kuiambia seva kwamba inairudisha leseni. Kwa upande wa seva, muunganisho bado upo. Ni kimya tu kimeingia, na kimya hakimaanishi kwamba mtu ameondoka. Windows na Linux zote, kwa mpangilio wa kawaida, husubiri saa 2 kabla ya kuanza kuuliza kama aliye upande wa pili wa muunganisho wa mtandao bado yuko hai. Jenereta inawashwa, kijana anawasha kompyuta, anafungua programu, na kwa mpangilio wa kompaila yetu hilo ni ombi jipya kabisa. Anapewa leseni ya pili huku ya kwanza imeshikwa na mtu asiyekuwepo. Umeme ukikatika mara moja tu asubuhi, mtu mmoja anaweza kuwa ameshika mbili bila kujua.

Dawa ilikuwa mstari mmoja kwenye faili la mapendeleo ya seva: TIMEOUTALL, yenye thamani ya sekunde 900. Maana yake leseni isiyotoa dalili ya uhai kwa dakika 15 inarudi yenyewe. Mara nyingi huwezi kushuka chini ya hapo, mtengenezaji ndiye anayeweka kima cha chini. Dakika 15 si saa 2. Tukaongeza pia UPS ndogo kwa swichi ya mtandao, kwa sababu tuligundua kwamba swichi ikizimika hata mwenye laptopu yenye betri nzima anapoteza mawasiliano na seva. Hiyo UPS ndogo bei yake ni sehemu ndogo sana ya leseni moja.

Ujumbe wa -4 ukapungua, lakini haukwisha. Sasa ulikuwa unatokea hata siku ambazo umeme haujakatika, na ndipo nilipoona kwamba jambo moja lilikuwa limejificha nyuma ya jingine.

Tuna kompyuta inayojenga toleo kamili la programu kila usiku na kulipima. Mtaalamu aliyetufungia seva mara ya kwanza aliitengea leseni yake kwa agizo la RESERVE, ili isikose kamwe. Wazo lake lilikuwa zuri, lakini RESERVE ina tabia ambayo watu wengi hawaijui: leseni iliyotengwa inahesabika kuwa imeshikwa saa zote, hata mwenyewe akiwa amelala. Kwa hiyo mchana kutwa tulikuwa tunagombania mbili huku ya tatu ikisubiri usiku. Tuliondoa RESERVE tukaweka MAX, ambayo inafanya kinyume chake: inasema kompyuta ile isichukue zaidi ya moja, lakini haiizuilii yeyote wakati haina kazi. Kazi yake tukaisogeza hadi saa saba usiku.

Na hapo kuna kitu kidogo ambacho kinaweza kula siku nzima ya mtu. Majina ya watumiaji kwenye faili lile hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Ukiandika "Usiku" wakati kompyuta inajitambulisha kama "usiku", agizo lako halimhusu mtu yeyote, na seva haitakulalamikia. Soma jina kama lilivyoandikwa kwenye `lmstat`, ulinakili hivyohivyo.

Kuhusu kukraki nitasema waziwazi. Katika wiki ile ngumu kijana wetu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliniambia anajua inapopatikana kompaila iliyofunguliwa, bila seva wala kikomo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na hilo peke yake linatosha. Lakini kwangu kuna zito zaidi. Kompaila ndiyo inayogeuza maandishi yetu kuwa maagizo yanayotekelezwa ndani ya kifaa cha mizani. Ikiwa mtu nisiyemjua ameifumua na kuifunga upya, sina namna ya kusimama mbele ya mkutano wa chama na kusema kifaa hiki kinapima sawa. Wakulima wa Tandahimba na Newala wanaijua kangomba, ununuzi wa korosho kwa magendo nje ya mfumo rasmi. Wanajua maana ya kupunjwa na mtu aliyeshika kipimo. Stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza mazao kupitia ghala kuu na mnada, iliingia huku msimu wa 2007/2008 kwa matumaini kwamba korosho ya mkulima itapimwa, itaandikwa na itauzwa mbele ya macho yake. Sitaweka shaka kwenye mnyororo huo kwa ajili ya kuokoa pesa ya leseni. Kijana alinisikiliza, akasema, "Nimekuelewa kaka," na hatukulirudia.

Mwezi uliofuata likaja la chumvi. Anayeishi Mtwara anajua bahari inavyokula bawaba, antena na vichwa vya misumari. Inakula pia matundu ya kebo. Tundu la mtandao la seva yetu lilishika kutu, mawasiliano yakawa yanakuja na kupotea, fundi akaliziba na kutuwekea kadi ya mtandao ya kuchomeka kwenye USB. Mtandao ukarudi vizuri. Leseni zote tatu zikakataa, safari hii kwa namba -9: kompyuta hii siyo iliyoandikwa kwenye leseni.

Faili la leseni lina mstari wa SERVER wenye jina la seva na utambulisho wake, na kwa kawaida utambulisho huo ni anwani ya MAC, namba ya pekee ya kadi ya mtandao. Kadi mpya, anwani mpya, seva mpya. Huwezi kubadilisha utambulisho huo mwenyewe kwa sababu sahihi ya faili itaharibika. Lazima mtoa leseni akutolee faili jingine. Tuliloweza kufanya siku ileile ni kuiwasha tena kadi ya zamani ndani ya mipangilio, bila kuchomeka kebo yoyote. Haikuwa na kazi ya kusafirisha data, ila seva ya leseni iliiona pale, ikasoma anwani yake, ikaridhika. Tulifanya kazi hivyo hadi faili jipya lilipofika. Sasa anwani ya MAC ya seva imeandikwa kwenye karatasi ndani ya kabati pamoja na namba ya mkataba, na fundi yeyote anayefungua boksi lile anaonyeshwa kwanza.

La saa ya kompyuta nitalipitia haraka kwa sababu dawa yake ni rahisi. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ikifa, kompyuta iliyozimwa ikiwashwa huamka na tarehe ya zamani. Mfumo wa leseni ukiona tarehe imerudi nyuma hudhani unataka kuongeza muda wa leseni kwa hila, unatoa -88 na kufunga milango. Badilisha betri, rekebisha saa, na kabla ya kuwasha seva ya leseni hakikisha hakuna faili lililobaki na tarehe ya mbele.

Kuazima leseni kwa safari kunahitaji maelezo zaidi. Fundi wetu akipanda kwenda Newala kufunga vifaa, huko juu kwenye uwanda wa Makonde mtandao wa simu upo baadhi ya sehemu na baadhi haupo, na seva ya ofisini haifiki. FlexNet inaruhusu kuazima leseni kwenda nayo kwa muda uliopangwa, ikiwa mtoa leseni ameiruhusu. Muda huo ukiisha inarudi yenyewe kwenye seva. Ugumu ni kwamba kwa muda wote huo leseni ile haipo ofisini, hata kama laptopu imezama, imeibiwa au imeungua. Kuirudisha mapema kunawezekana, lakini ni kwa laptopu ileile, ikiwa imeunganishwa na seva. Kwa hiyo tuna kawaida: anayesafiri anaazima kwa siku za safari tu na siku moja ya ziada kwa ajili ya barabara, haazimi mwezi mzima kwa kujihami. Dada yetu wa upimaji ndiye anayetunza ratiba ya kuazima, na hakuna anayeondoka bila kumpitia.

Kuna wanaoniambia kwamba haya yote ni taabu ya mtindo wa zamani, kwamba leseni za siku hizi ni za kuingia kwa akaunti mtandaoni na hakuna seva ya kulea. Nasi tunayo zana moja ya aina hiyo. Mwezi Mei 2024, siku chache baada ya kimbunga Hidaya kupita pwani yetu na barabara ya kwenda Dar es Salaam kukatika kule Somanga, mikonga ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu tarehe 12, na intaneti ikazorota nchi nzima. Zana ile iliendelea kufanya kazi kwa sababu ilikuwa na kibali kilichohifadhiwa ndani ya kompyuta, chenye kudumu siku saba tangu ilipowasiliana na makao yake mara ya mwisho. Waliokuwa wameingia juzi walifanya kazi bila shida. Mwenzetu aliyekuwa likizo, ambaye kibali chake kilikuwa kimeshapita, alikaa mbele ya kioo chenye duara linalozunguka bila zana kufunguka hadi tulipopata muunganisho dhaifu wa usiku. Kwa hiyo, ukinunua leseni ya mtandaoni, swali la kumuuliza muuzaji kabla ya bei ni hili: bila intaneti, zana yako itanivumilia siku ngapi? Asipokuwa na jibu, usiweke kazi ya msimu juu yake.

Tulipomaliza kurekebisha yote niliyoyataja, niliendesha tena ile programu fupi ya kuhesabu DENIED. Zilizobaki zilikuwa chache, na karibu zote zilikuwa Ijumaa mchana, wakati kila mtu anataka kumaliza lake kabla ya kwenda msikitini au kabla ya wikendi. Hizo ni halali. Watu wanne kweli wanahitaji leseni, na zipo tatu. Hapo ndipo swali la kununua ya nne lilipokuwa swali la kweli, lenye ushahidi mezani, na mhasibu wetu aliweza kulijibu: hapana kwa sasa, wapeane zamu.

Ombi la kununua leseni lije na takwimu za kunyimwa, si malalamiko. Pia masharti ya zana za bure yasomwe hadi mwisho. Visual Studio Community, kwa mfano, inaruhusu hadi watumiaji watano kwa taasisi isiyo kubwa. Timu ya watano iko ndani ya ruhusa, akija wa sita mambo yamebadilika, na zana haitapiga kengele.

Mwaka huu tumehamishia sehemu ya printa na sehemu ya mawasiliano kwenye GCC, kompaila huria isiyohesabu watu. Watu wawili sasa hawagusi kabisa leseni za kuelea. Sehemu inayosoma uzito bado iko kwenye kompaila ya zamani, na hiyo siiharakishi, kwa sababu ndiyo iliyomo kwenye vifaa ambavyo tayari vinatumika kando ya mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Tumepanga kuijaribu Februari, msimu ukishapita: vifaa viwili mezani, kimoja kwa kompaila ya zamani na kimoja kwa mpya, mawe yaleyale ya mizani juu ya vyote viwili, kuanzia kilo moja hadi uzito wa gunia lililojaa, na kila tofauti ya gramu iandikwe.